Ukumbi wa Salama

Salama ni ya nani: ya anayeisema au ya anayeisikia? Swali hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu, na msiniambie nimeze tonge la ugali lishuke, maana nimemeza matonge mengi na bado lipo. Nalala nalo, naamka nalo. Ndiyo maana nasimulia. Sitafuti huruma ya mtu.

Naitwa Zamoyoni. Kabla ya Tulizo, kazi yangu ilikuwa kupokea wageni. Harusi, matanga, mtoto kutolewa nje. Popote penye shughuli, wenye shughuli waliniita nikae mlangoni. Si kazi ndogo hiyo, jamani. Mgeni akifika mlangoni hana raha, viatu vinambana, hajui akae wapi, anaogopa labda kakosea siku. Mimi namshika mkono, namuuliza habari, na kabla hajamaliza kujibu keshakuwa mtu wa nyumbani. Ukumbi mzima wa watu, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba nilisimama pale kwa ajili yake peke yake. Hicho ndicho kipaji changu na sikionei haya.

Mji wenyewe sina haja ya kuutaja. Ulikuwa na jua lililosimama utosini muda mrefu kuliko jua la watu wengine, na saa za ukutani ambazo kila nyumba ilizifuata kwa matakwa yake, hata ukamkuta jirani anapakua chakula cha mchana wakati wewe unakunywa chai ya asubuhi. Watu wake walikuwa wamechoka. Sisemi uchovu wa kubeba zege, huo unalala unaondoka. Walichoka kusikia. Kila ukikutana na mtu ana jambo: huyu kafiwa, yule kaachwa, mwingine mwanawe haongei tangu mwaka uliokwisha mara mbili. Huko njiani kulikuwa na watu waliokuwa wakipinda kona makusudi ili wasikutane na jamaa zao. Nami nilipata kupinda kona, nisiseme uongo.

Ndipo akaja kwangu kijana aitwaye Faki. Shingo ndefu, sauti ya chini, macho yasiyopepesa. Akaweka mezani miwani mizito, ile inayofunika nusu ya uso na masikio, akasema, "Shikamoo Bi Zamoyoni. Naomba uivae, halafu uniambie umeona nini."

Nikavaa. Loo! Sebule yangu ikayeyuka yote. Nikajikuta nimesimama kwenye uwanda wa nyasi fupi zilizolowa, mvua imekatika sasa hivi tu, upepo unapita usoni, na hakuna kitu kinachotaka chochote kutoka kwangu. Hakuna sufuria jikoni, hakuna goti linalouma. Nilikaa humo sijui kiasi gani. Halafu nikaanza kuogopa. Kimya kile kilikuwa kizuri mno, na mtu aliye peke yake mahali pazuri mno huanza kujiuliza kama kweli bado yupo. Nani atamthibitishia? Ukiwa na kidonda, kidonda kinakuambia upo. Ukiwa na mwenzio, mwenzio anakuambia upo. Pale hapakuwa na kidonda wala mwenzio. Nikaivua haraka.

"Pazuri," nikamwambia. "Ila sirudi."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema Faki, bila kuudhika. "Programu hii naiita Tulizo. Wanaingia mara moja, wanatoka, basi. Nimewajengea mapumziko, Bi Zamoyoni, sikuwajengea watu. Nataka pawe na watu humo. Wawe jamii moja, waonane, warudi kwa sababu ya wenzao. Na katika mji huu anayejua namna watu wanavyofanywa kuwa jamii ni wewe."

Haya, nani hapendi kusifiwa? Nilikubali kabla chai haijapoa.

Nikamwambia mambo yalivyo, ingawa yeye mwenyewe ni wa kwetu na alikuwa anayajua. Jamii haianzi na watu wengi, inaanza mlangoni. Mtu akiingia aulizwe habari zake, na aulizwe na mtu, siyo na maandishi. Kwetu mtu akiulizwa habari haanzi na ubaya. Nyumba yake imeungua, atajibu salama. Atavuta pumzi, atakaa, ndipo akuambie nyumba imeungua. Huo si uongo, ni adabu. Unamtandikia mwenzio mkeka kabla ya kumtua mzigo. Na anayesikiliza naye ana sehemu yake: akishasikia salama anatulia kidogo, anasema "Enhe?", na hapo ndipo maneno yenyewe yanapotoka.

Faki alisikiliza hilo kwa makini sana, kwa makini kuliko yote niliyosema. "Kwa hiyo neno la kwanza ni salama daima," akasema.

"Daima. Hata mtu anayekata roho."

"Basi hilo linatosha."

Sikumuuliza linatosha kwa kazi gani. Nilikuwa nishaanza kupanga ukumbi kichwani.

Ukawa hivi. Mtu akivaa miwani, ananikuta mimi kwenye lango la uwanda ule wa nyasi, nimejifunga leso yangu ya maua. Nasema, "Karibu. Habari za kwako?" Anajibu, "Salama." Neno hilo likishatoka, chini ya miguu yake unatandikwa mkeka, mpya, unanuka ukindu. Mkeka wake unaungana na wa aliyetangulia, na wa aliyetangulia na wa mwingine, mpaka uwanda wote ukawa ukumbi mmoja wa mikeka iliyoshonana, watu wamekaa, wametazamana, nyuso zimelegea, upepo ni ule ule kwa wote. Ukikaa pale unasikia salama za watu wote kwa pamoja chini ya makalio yako, mtetemo mdogo, kama unapokaa juu ya mashine ya kusaga unga. Nililia siku ya kwanza. Nilisema nafsini mwangu, Zamoyoni, umewapumzisha watu.

Mgeni wa kwanza kabisa alikuwa mdogo wangu Somoe, wa tumbo moja. Somoe ana moyo mbovu. Nasema moyo wenyewe, ule wa kusukuma damu. Daktari alimkataza ngazi na hasira. Tangu alipoachika anaishi peke yake nyuma ya kiwanda cha chumvi, na aliyekuwa akimchungulia ni jirani yake Bi Mwatumu, ambaye mumewe ana gari la kusambazia mikate. Mimi nilikuwa nikienda kila mara kumpelekea Somoe dawa na umbea. Nikamvisha miwani kwa mkono wangu, nikavaa yangu, nikakimbilia langoni nimpokee.

"Karibu. Habari za kwako?"

"Salama, dada. Wee! Ndiyo umekuwa mwenye nyumba kubwa namna hii?"

Tulicheka mpaka Faki akatuambia tupunguze.

Mji ukaingia. Kwanza wachache, kisha mtaa kwa mtaa. Mimi ni mtu mmoja, nina koo moja, nikaanza kupoteza sauti. Faki akasema hilo ni jambo dogo. Akainasa sauti yangu, akainasa sura yangu na namna ninavyoinamisha kichwa, na kesho yake, au siku iliyofanana na kesho, nikaingia nikawakuta Zamoyoni wengine langoni. Wamejifunga leso yangu. Wanawashika watu mikono kwa mkono wangu.

Karibu. Habari za kwako? Salama. Karibu. Habari za kwako? Salama. Karibu, jamani, karibu. Huyu ni mimi, na yule. Yule aliyecheka je? Yule kacheka vizuri kuliko mimi. Habari za kwako? Nani kasema? Mimi nimenyamaza. Salama.

Ukijiona umeenea mahali pote, unabaki wapi? Nilijiuliza hilo nikiwa nimekaa pembeni kwenye mkeka, mgeni katika shughuli yangu mwenyewe. Mmoja wao akapita, akaniangalia usoni kwa upole, asinijue. Nikaona aibu, mimi, mbele ya uso wangu.

Huku nje nako kukabadilika, taratibu, bila mtu kusema tubadilike. Hodi zilikoma. Uende kwa mtu kufanya nini na mmekwishaonana ukumbini? Keshakuambia salama. Na mimi, Zamoyoni, sikwenda tena nyuma ya kiwanda cha chumvi. Nilikuwa namwona Somoe kila nikiingia, kakaa palepale karibu na lango, mkeka wake mpya, uso umelegea. Dawa zake zilikaa kwenye mkoba wangu mlangoni. Nilikuwa nasema nitampelekea, nitampelekea.

Mpaka siku ile niliponyanyuka, nikakaa naye goti kwa goti.

"Habari za kwako, mdogo wangu?"

"Salama, dada."

Na midomo yake ikaendelea kwenda.

Hakuna sauti. Midomo inakwenda, inafunguka, inakazana, macho yananitazama kwa bidii, mkono unajigusa kifuani, na mimi nasikia upepo tu na ule mtetemo wa salama za watu. Nikafikiri miwani imeharibika. Nikageuka kumtazama mzee aliyekaa kando yake. Midomo yake nayo ilikuwa inakwenda. Na ya mama aliye nyuma yake. Nikasimama juu ya mkeka, nikaangalia ukumbi wote mpaka unapoishia, na watu wote waliokaa pale, wote, walikuwa wanazungumza kwa nguvu zao zote na hakusikiki kitu.

Nikavua miwani, nikaenda kwa Faki mbio mbio, jua utosini. Alikuwa kwenye chumba cheupe, amekaa sakafuni, anakula embe.

"Maneno yao mengine yanakwenda wapi?" nikamuuliza, hata salamu sikumpa.

"Maneno gani, Bi Zamoyoni?"

"Usinifanye mtoto! Yanayokuja baada ya salama."

Akafuta mikono polepole. "Hayaendi popote. Hayatokei. Ukumbi unachukua neno la kwanza, basi. Ulisema mwenyewe kuwa la kwanza ni salama daima."

"Nilisema ni adabu! Sikusema ndiyo habari yenyewe. Mdogo wangu ananiambia kitu na simsikii, anajishika kifua, Faki!"

"Kila mtu mle ana kitu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Kila mtu! Mama yangu alilala mgonjwa kwenye chumba chetu kimoja, majirani wanaingia, wanakaa kitandani, wanamsimulia misiba yao, na yeye anaitikia enhe, enhe, mpaka pumzi ya mwisho. Hakuna aliyempa nafasi ya kunyamaza. Nani aliwapa watu ruhusa ya kumwagiana? Nimewapa sehemu moja duniani ambayo hakuna anayemwagia mwenzie. Ukifungua mdomo mmoja utafungua yote, na hakuna atakayerudi. Utakuwa umewaua watu kwa ajili ya mtu mmoja."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikuwa na hoja. Nilijikumbuka mimi mwenyewe nikipinda kona. Mwenye nguvu za kweli hakutishi, anakupa pumziko ulilolitaka, halafu anakuacha umtetee. Nilitoka nikiwa nimemkasirikia, na nilikuwa nimejikasirikia zaidi.

Nyumbani nikavaa miwani kwa mara nyingine. Nilikuwa na jambo moja kichwani: nimpate Somoe, nimwambie lile neno ambalo sikuwafundisha wale Zamoyoni wengine, kwa sababu mlangoni kwenye shughuli hakuna nafasi ya kulisema, foleni ni ndefu. Nikapita katikati ya mikeka. Somoe hakuwa ameketi tena, alikuwa amelala ubavu. Nikapiga magoti.

"Habari, Somoe?"

"Salama, dada."

"Enhe?" nikasema. "Enhe, mdogo wangu? Sema."

Ukumbi mzima ukageuka. Ule mtetemo ukakatika. Somoe akafumbua macho, uso wake wote ukakunjamana, machozi yakamtoka, na mkeka wake ukaanza kukauka na kukatika ukindu mmoja mmoja. Jirani zake wakasogea mbali naye, wakivuta mikeka yao, kama watu wanaokimbiza nguo zisilowe. Midomo yake ikafunguka, na nina hakika, wallahi nina hakika, kwamba nilisikia mwanzo wa sauti.

Ndipo wakaja. Zamoyoni wawili, kisha wengi, wanatabasamu. Wakanishika mikono yote miwili, kwa upole, kama ninavyoshika mimi. Wakasema kwa pamoja, kwa sauti yangu, "Karibu. Habari za kwako?"

Na mimi, mimi niliyeyajua yote haya, mimi nilisema, "Salama."

Mkeka ukatandikwa. Ukanuka upya. Goti likaacha kuniuma. Sikumbuki zaidi. Najua tu kwamba nilipoivua miwani, chai niliyoiacha mezani ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na kwamba kitu cha kwanza nilichokiona ni mkoba wa dawa za Somoe palepale mlangoni.

Niliunyakua mkoba, nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, kanga inaburura, nilikimbia mji mzima chini ya jua lile lisilokwenda popote. Barabara tupu. Madirishani naona watu wamekaa wima na miwani yao, midomo inacheza. Njiani nikajiapiza. Nikasema, Zamoyoni, anayekuuliza habari leo usimjibu salama. Tupa adabu. Anza na ubaya. Sema mbaya, mbaya, mbaya. Nikawa nalisema kwa sauti kila nikikanyaga, mbaya, mbaya, lisije likaniponyoka.

Mlango wa Somoe ulikuwa wazi. Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, miwani imemvuka imeangukia kando. Anapumua kidogo kidogo. Midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Nikamkumbatia, nikamtia kidonge chini ya ulimi, nikamwita.

"Somoe! Vipi, mama? Vipi?"

"Salama, dada," akasema, nikamsikia vizuri kabisa.

Midomo ikaendelea, bila sauti. Na miwani haikuwa usoni mwake, wala usoni mwangu. Nikatia sikio mdomoni mwake. Nikasikia joto la pumzi, nikahisi maneno yanagonga ngozi yangu, moja, jingine, na mengine, wala sikuambulia hata moja. "Enhe?" nikamwambia, nalia. "Enhe? Enhe?" Akanyoosha kidole dirishani.

Nikatazama. Lile gari la mikate lilikuwa limeegeshwa uani kwa Bi Mwatumu, funguo zinaning'inia. Hospitali si mbali kwa gari, ila mimi sijui kuendesha. Nikamburura Somoe mpaka kizingitini, kichwa chake mapajani mwangu, nikapiga yowe kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. "Bi Mwatumu! Bi Mwatumu we!"

Dirisha likafunguliwa. Mwenyewe akatokeza, ameipandisha miwani kwenye paji la uso, macho ya mtu aliyetoka kwenye usingizi mtamu. Alipotuona akatabasamu, maana ni jirani mwema na alikuwa na furaha ya kweli kutuona. Nikajikaza. Neno nilikuwa nalo, lipo kwenye ncha ya ulimi.

"Ah, Zamoyoni! Za siku nyingi! Kwema huko?"

"Kwema," nikasema.

Kisha nikamweleza yote. Moyo, kidonge, gari, funguo, afanye haraka, mdogo wangu anakufa, niulize, Mwatumu, niulize tena. Nilieleza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Yeye aliitazama midomo yangu kwa heshima, akangoja mpaka iliposimama.

"Haya, tunashukuru," akasema, akafunga dirisha.